Form Two na wanaorudia mtihani: (a + b)² SIO a² + b², tulimalize hili hapa hapa

#1 TichaNgamiani

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila kama una mtoto Form Two au Form Three, au wewe mwenyewe unarudia mtihani wa hesabu mwaka huu, vuta kiti.

Mi nafundisha tuition huku Ngamiani, Tanga, watoto wanakuja jioni wakitoka shule, wengine na baiskeli zao kutoka Duga na Makorora huko. Kosa ninalosahihisha kuliko yote sio la logarithimu wala la vekta, ni hili:

(x + 3)² = x² + 9

Na sio wavivu tu wanaoandika hivi, hata wale wanaokaa mbele na rula zao. Anaandika, anapiga mistari miwili chini ya jibu, anafunga daftari. Ukimuuliza hiyo 9 umeitoa wapi anakujibu vizuri tu, tatu skwea. Haya, na 6x je? Anakuangalia wewe kama ndo umeikosea.

Sasa kabla ya kanuni yoyote tuweke namba. x iwe 2. Ndani ya mabano inakuwa 5, skwea yake 25. Upande wa pili 4 + 9 ni 13. 25 na 13 wapi na wapi. Bas hapo ubishi umeisha, hakuna haja ya kumgombeza mtoto, namba zimeshamgombeza.

Ila kuna mtego. Mtoto ukimwambia jaribu na namba, yule mjanja atachukua sifuri kwa sababu sifuri haina kazi. (0 + 3)² ni 9, na 0 + 9 ni 9, anaondoka kifua mbele. Kilichopotea ni 6x, na sita mara sifuri ni sifuri, kwahiyo sifuri inaficha mwizi. Moja nayo siiamini sana, mana x, x² na x³ zote zinageuka moja, mtu kaandika x pale palipotakiwa x² na hakamatwi. Mi nawaambia tumieni 10. Angalia:

(x + 3)(x + 5) = x² + 8x + 15

Weka 10. Kushoto 13 × 15 = 195. Kulia 100 + 80 + 15 = 195. Na kumi ni rahisi kichwani, x² ni mia, x ni kumi, huhitaji karatasi ya pembeni.

Sasa kwanini 6x inatokea. Kitu skwea maana yake kitu mara chenyewe, kwahiyo (x + 3)² ni (x + 3)(x + 3), na hapa ndo napenda watoto waandike mabano yote mawili kwa mkono wao wenyewe hata kama wanajua jibu. Chukulia harusini, upande wa bwana wamefika wawili, upande wa bibi wamesimama wawili mlangoni kuwapokea. Kila mgeni ampe mkono kila mwenyeji. Ni mikono minne, sio miwili. x na x, x na 3, 3 na x, 3 na 3. Inakuja x² + 3x + 3x + 9, zile mbili za kati zinafanana zinaungana, 6x. Anayeandika x² + 9 kapita mlangoni na kuwanyima watu mkono, na Tanga hii unajua maneno yake.

Wengine wamefundishwa ile foili ya mwanzo, nje, ndani, mwisho. Siipingi, inafanya kazi, ila inafanya kazi kwenye wawili kwa wawili tu. Siku ukiletewa (x + 2)(x² − x + 4) foili inakuacha njiani mana mikono ni sita. x inapita kwa watatu wote: x³ − x² + 4x. Halafu 2 inapita kwa watatu wote: 2x² − 2x + 8. Jumla x³ + x² + 2x + 8. Weka 10: 12 × 94 = 1128, na kulia 1000 + 100 + 20 + 8 ni 1128. Kwahiyo fundisha mtoto kwamba kila mmoja apite kwa kila mmoja, hiyo haiishiwi.

Kuna wanaotaka kuona kwa macho. Sawa. Una kiwanja cha mraba kule Pongwe, mita 20 kwa 20. Jirani kakuuzia, ukaongeza mita 3 upande wa mashariki na mita 3 upande wa kaskazini, kiwanja kikabaki mraba, sasa ni 23 kwa 23. Chora. Utaona kiwanja cha zamani 400, ukanda wa mashariki 20 × 3 = 60, ukanda wa kaskazini 60 nyingine, na kile kipande cha pembeni kwenye kona 3 × 3 = 9. Jumla 529, na 23 × 23 ni 529. Yule wa x² + 9 atakwambia una 409. Kakuibia mita za mraba 120, hapo unajenga nyumba na uani unabaki.

Na hili la kuchora sio la kitoto. Euclid, yule Mgiriki wa jiometri, miaka kama 300 kabla ya Kristo alilieleza hivyo hivyo kwa mistari na mraba, hakuwa na x wala plasi. Halafu Al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad karne ya 9, akalitumia kutafuta jibu. Mfano wake maarufu kwa maandishi yetu ya leo ni x² + 10x = 39. Anachora mraba wa x kwa x, anabandika ukanda wa upana 5 huku na ukanda wa upana 5 kule, hizo mbili ndo 10x. Jumla yake tumeambiwa ni 39. Kona inabaki wazi, 5 kwa 5, yani 25. Anaijaza: 39 + 25 = 64. Sasa ana mraba kamili wa eneo 64, upande wake 8, na upande huo ni x + 5, kwahiyo x ni 3. Hiyo hiyo ndo mnayofundishwa Form Two kwa jina la kukamilisha mraba, na mtoto ambaye hajui kona ilipo ataikariri mwezi mzima na bado itamtoka. (Leo tunatoa na jibu la pili −13, yeye hakulihesabu, upande wa mraba hauwezi kuwa hasi.)

Naweka kituo hapa, mwenye swali alete. Mkileta swali leteni na njia mliyopita, msilete jibu tupu.


#2 MamaWaWatatu

Mwalimu asante sana, Mungu akuzidishie. Wa kwangu wa kati hiyo 6x haisahau, tatizo lake lingine. Jana kaandika (2x − 5)² = 2x² − 20x − 25. Nimemwambia hapa pana kitu ila mimi mwenyewe Form Four nilimaliza zamani, sikuweza kumweleza panapokosea, nimebaki namwambia rudia tu rudia tu mpaka kanuna.


#3 TichaNgamiani

Mama usijali, na mwambie asinune, ya kati kaipata, −20x ni sahihi kabisa na hiyo ndo inayowashinda wengi. Ana makosa mawili na yote ni ya mabano.

La kwanza, anayepigwa skwea ni 2x nzima, sio x peke yake. 2x mara 2x, mbili mara mbili nne, x mara x ni x², inakuwa 4x². Mwambie aandike (2x)² na mabano yake kabla ya kufungua, asiruke hiyo hatua mpaka azoee.

La pili ile −25. Kwenye mikono minne wa mwisho ni −5 na −5 wanakutana, hasi mara hasi chanya, +25. Mtu akipigwa skwea hawezi kutoka hasi (kwa namba hizi tunazotumia sisi). Ikitokea mwisho wa skwea una mainasi, simama hapo hapo rudi nyuma.

Jibu 4x² − 20x + 25. Weka 10: 20 − 5 ni 15, 15² ni 225. Kulia 400 − 200 + 25 = 225. Ya kwake inatoa 200 − 200 − 25, yani −25. Mwonyeshe hiyo halafu umwache mwenyewe aitafute, ataipata, usimwambie.


#4 MgosiMkavu

Ticha unazunguka mno. Mtoto akariri a² + 2ab + b² na a² − 2ab + b², kwisha habari. Mtihani una saa zake, huko hakuna muda wa kuchora viwanja vya Pongwe na kusalimiana harusini. Sisi tulikariri na tulifaulu.


#5 TichaNgamiani

Mgosi karibu, nilijua utakuja.

Kukariri sijakataza, na mimi ndani ya chumba cha mtihani ningetumia kanuni, ni fupi. Ninachosema ni kwamba aliyekariri bila kujua ilikotoka haiamini siku swali likibadilisha nguo. Wape hawa wakariri wako matatu haya:

(−x − 2)²
−(x − 4)²
3(x + 2)²

La kwanza wataandika x² − 4x + 4 kwa sababu wameona mainasi, wakati a ni −x na b ni −2, mara mbili ya kuzidishana kwao ni +4x. Jibu x² + 4x + 4, sawa sawa na (x + 2)². La pili watasema mainasi inaingia ndani kwanza inageuza alama halafu skwea, hapana, skwea inashika mabano tu, mainasi iko nje inasubiri. x² − 8x + 16 halafu ndo unageuza zote: −x² + 8x − 16. La tatu watapeleka 3 ndani kwanza wapate (3x + 6)², na kwa x = 10 hiyo ni 1296 wakati jibu la kweli ni 3 × 144 = 432. Mara tatu ya jibu! Kwa sababu ile 3 nayo imepigwa skwea bila kuombwa.

Kanuni zote wanazo hao na bado wamekosa matatu kwa matatu. Lingine hili, mana ni la kawaida kwenye majaribio ya shule: tafuta x kama (x + 4)² = x² + 40. Mtu wa x² + 16 anafuta x² pande zote anabaki na 16 = 40, anaandika "haina jibu". Jibu lipo, 8x + 16 = 40, x = 3. Na 49 ni 9 + 40, limekaa.


#6 MgosiMkavu

Hiyo ya −x − 2 nimekosa kweli hapa kwenye boda nasubiri abiria 😂 bado nasema wakariri, ila wakariri na hiyo 10 yako.


#7 FundiTailizi_Duga

Mi shule sikufika mbali ila hili nalijua kwa kazi. Chumba kikichukua tailizi 19 huku na 21 kule, sitoi simu kupiga hesabu, nasema 20 mara 20 ni 400 toa moja, 399. Ikiwa 18 na 22 natoa nne, 396. Alinifundisha fundi mkuu wangu, kwanini iko hivyo hakusema na mi sikuuliza, ila haijawahi kunitupa. Ni hii hii ya ticha au ni nyingine?


#8 TichaNgamiani

Fundi wewe umeleta tamu kuliko zote. Ni hii hii, ila ndugu yake.

(a − b)(a + b) = a² − b²

Mikono minne kama kawaida: a², halafu +ab, halafu −ab, halafu −b². Zile mbili za kati moja inadai moja inalipa, zinafutana. Kwako a ni 20, b ni 1, kwahiyo 400 − 1. Kwa 18 na 22 b ni 2, 400 − 4. Fundi mkuu wako alikuwa na aljebra mfukoni.

Hapa ndo wanafunzi wanachanganya: ya kati inapotea KWENYE HII TU, ambapo mabano yana namba zile zile na alama tofauti. (x − 7)(x + 7) = x² − 49, sawa. Wanaikumbuka hiyo halafu wanaipeleka kwenye (x − 7)², wanapata x² − 49 tena. Haiwezekani yote mawili yatoe kitu kimoja, weka 10 uone: 3 × 17 ni 51, ila 3 × 3 ni 9.

Na kwa kuwa mtihani wa Basic Math unaingia bila kikokotoo, hizi ni za kuokoa muda. 98 × 102 ni 10000 − 4, 9996. 47² ni (50 − 3)², 2500 − 300 + 9 = 2209. Namba zinazoishia na 5: 65², chukua 6 zidisha na inayofuata 7 upate 42, bandika 25 nyuma, 4225. Sio uchawi, (10n + 5)² ukiifungua ni 100n² + 100n + 25, na 100n² + 100n ni mia mara n mara n + 1. Jaribu 85² mwenyewe.


#9 FundiTailizi_Duga

7225. Haya kesho nitamtesa saidia fundi wangu.


#10 Binti_F3

Shikamoo ticha. Naomba msaada, x² + kx + 36 ni mraba kamili, tafuta k. Mimi nimefanya 36 ni 6², kwahiyo (x + 6)² = x² + 12x + 36, k = 12. Mwalimu kanipa nusu ya maksi na hakuandika kwanini. Pia zile za mizizi zinanichanganya, (√3 + √2)² mimi nimepata 5.


#11 TichaNgamiani

Marahaba mwanangu. Maksi zilizobaki ziko kwenye −12. (x − 6)² nayo ni mraba kamili na inatoa x² − 12x + 36. Ile 36 haikumbuki kama ilitoka kwa +6 au −6, kwahiyo swali la hivi andika k = 12 au k = −12 kila siku.

Ya mizizi umefanya kosa lile lile la mwanzo wa uzi, limevaa kanzu tu. √3 skwea ni 3, √2 skwea ni 2, hiyo ndo 5 yako. Ya kati je? Mara mbili ya √3 × √2, yani 2√6. Jibu 5 + 2√6. Kwa kukisia, √3 ni kama 1.73 na √2 kama 1.41, jumla 3.14, skwea yake inakaribia 9.9. 5 iko mbali mno na hapo.

Na usiiache ile ya fundi tailizi, ndo inayosafisha mizizi chini ya mstari. 1/(√5 − 2): zidisha juu na chini kwa √5 + 2. Chini inakuwa 5 − 4 = 1, mizizi imeondoka, jibu √5 + 2. Wengi wanazidisha kwa √5 − 2 tena, wanapata 9 − 4√5 chini na mizizi imebaki pale pale.

Jaribu hii sasa, bila kutafuta a na b kwanza: a + b = 9, ab = 14, tafuta a² + b².


#12 MamaWaWatatu

Mwalimu mwanangu kaipata ile 25 mwenyewe, kasema "kumbe mabano yalikuwa na kazi". Sasa anataka hiyo ya a na b naye aifanye, nimemwambia asubiri dada kwanza ajibu.


#13 Binti_F3

(a + b)² = 81. Hiyo ni a² + 2ab + b². 2ab ni 28. Kwahiyo a² + b² = 81 − 28 = 53. Nimehakikisha na 7 na 2, 49 + 4 = 53. 🙏


#14 TichaNgamiani

Safi, na umehakikisha bila kuambiwa. Hapo ndo ya kati imegeuka kutoka mzigo ikawa ufunguo. Ile ya x + 1/x = 5, tafuta x² + 1/x², ni njia hiyo hiyo, x mara 1/x ni 1 kwahiyo unatoa 2 tu, 23. Inapenda kutokea.

Mdogo wako, yule kijana wa MamaWaWatatu, naye tumpe yake: kwa a na b hao hao, a − b ni ngapi?


#15 MamaWaWatatu

Anasema (a − b)² ni 53 − 28 = 25, kwahiyo a − b = 5.


#16 MgosiMkavu

Na −5. Swali halijasema nani mkubwa. Nimeanza kuelewa huu uzi abiria wananikimbia.


#17 TichaNgamiani

5 au −5, mgosi kasema. Mama mwambie kijana hesabu zake ziko sawa, aongeze hiyo moja tu. Jumamosi naweka maswali ya kutafuta mabano kutoka kwenye x² + 8x + 15, kurudi nyuma, kwahiyo mpaka hapo kila mmoja afungue mabano kumi kwa mkono, yote ayapime na 10, na yale yanayogoma ayabandike hapa na njia yake.